Mama wa Sifa Amekwenda Lubumbashi

Kikao kiliitishwa jikoni, mchana kweupe, siku ya Alhamisi, na ajenda ilikuwa moja tu: kichwa cha Arlène.

Waliohudhuria walikuwa watatu. Wa kwanza ni Tantine Brigitte, dada yake Papa, fundi cherehani maarufu wa mtaa wa La Rochelle, mwenye sauti ya kukata kitambaa bila mkasi. Wa pili ni Papa Damien mwenyewe, bado yumo ndani ya sare ya ulinzi aliyorudi nayo asubuhi kutoka kwenye maghala ya Midrand, jicho moja limelala na jingine liko zamu. Wa tatu ni Marcelline, dada yake Arlène, umri miaka kumi na mitano, aliyerudi likizo ya Julai kutoka shule ya bweni ya masista. Huyu hakuwa na haki ya kupiga kura. Mwenye kichwa chenyewe hakualikwa. Alikuwa sebuleni, ana miaka sita, anaangalia filamu.

"Jumamosi tunaanua matanga," alisema Tantine. "Kila mtu wa nyumba hii atakuwa amenyoa ama amesuka upya. Hatuwezi kufunga msiba huku mtoto wa marehemu anazunguka na nywele za msiba. Watu watasema nini?"

"Anakataa," alisema Papa.

"Najua anakataa! Mimi ndiye niliyeng'atwa." Tantine aliinua kidole gumba kama kielelezo mahakamani. Meno yalikuwa yamechapa vizuri, juu na chini.

Kichwa hicho kilikuwa na historia. Mama alikisuka Jumapili moja mwezi wa tano, akikohoa, akisema ni vumbi la barabarani tu. Wiki ile ile akalazwa kwa homa ya mapafu, na hakutoka. Tangu hapo Arlène hakumruhusu mtu kugusa msuko ule. Alilala na kitambaa kichwani, alioga akiwa amevaa mfuko wa plastiki. Mistari iliyokuwa imenyooka kama barabara za Sandton sasa ilikuwa imeota manyoya pande zote, na mtoto alifanana na mto uliopasuka. Ukimuuliza sababu alikujibu kwa Kiingereza chake cha shule ya awali, maana Kiswahili alikielewa chote lakini alikiona ni lugha ya wakubwa. Jibu lilikuwa moja: Mama atafumua mwenyewe akirudi.

Kwa sababu Mama alikuwa amekwenda Lubumbashi.

Ndivyo alivyoambiwa. Tantine ndiye aliyetoa agizo, siku ile ile ya kifo: mtoto mdogo hapigwi na habari kama hiyo kwa ghafla, huambiwa polepole. Matanga yalipokaliwa uani, Arlène alipelekwa kwa jirani na kuambiwa kwamba wale kina mama wote walikuja kusali. Na Mama kweli alikwenda Lubumbashi, ndani ya jeneza, nyuma ya gari, Papa akiwa kiti cha mbele siku zote za safari, akazikwa huko karibu na wazazi wake. Zamani alikuwa akienda mara kwa mara kuleta vitenge, basi mtoto hakushangaa. Polepole ya Tantine ilikuwa imeingia mwezi wa pili na hakuna aliyekuwa ameianza.

"Sasa sikilizeni," alisema Tantine, akamgeukia Marcelline. "Weye, ma fille, unaiga sauti ya mtu yeyote."

Hili lilikuwa kweli, na ushahidi ulikuwa mwingi. Marcelline ndiye aliyeshika kipaza sauti cha shule na, kwa sauti ya Sista Mkuu, akakiamuru kidato kizima kiende kanisani kutubu dhambi ya kutafuna bazoka. Ndiye aliyewazika bibi zake, mmoja baada ya mwingine, ili apate ruhusa za wikendi, hata siku matroni alipomwita ofisini na kumwambia aketi, kuna msiba nyumbani, jambo la kwanza alilofikiri ni kwamba shule imeamua kulipiza. Alicheka. Matroni hakucheka.

"Ulinipigia mimi mwaka jana," aliendelea Tantine, "ukajifanya mteja, ukaniagiza suti ya mbuzi wa harusi."

"Uliniuliza vipimo vya shingo, Tantine."

"Nyamaza. Sasa kipaji hicho kitumike kwa kazi ya maana. Utampigia Arlène kwa sauti ya mama yako. Mwambie akubali kufumuliwa. Dakika moja, basi."

Marcelline alimtazama Papa. Papa alilitazama birika. Birika halikuwa na maoni.

Hapa palikuwa mahali pa kuhisi kitu. Marcelline alijipapasa ndani kama mtu anayetafuta funguo, mfuko huu, mfuko ule. Hakuna. Ilikuwa hivyo tangu ofisini kwa matroni. Siku moja daktari wa shule alimng'oa jino kwa sindano ya ganzi, na kwa saa kadhaa alijiuma shavu akijua kabisa kwamba ni shavu lake na kwamba litakuja kuuma, ila si sasa. Basi mwili mzima ulikuwa vile. Kwenye matanga alikaa mkekani macho makavu, kina mama wakimtazama kwa pembeni na kunong'ona, mpaka Tantine alipopiga magoti mbele yake na, kwa heshima ya ukoo, akampaka dawa ya mafua chini ya macho. Machozi yalikuja, kina mama wakaridhika. Marcelline aliwahi kumfanyia mtu mzaha huo huo bwenini. Alikumbuka tu kwamba yeye hupaka kidogo zaidi.

"Sawa," alisema.

"Voilà!" alisema Tantine.

Papa alikwenda chumbani akarudi na simu ya Mama. Ilikuwa na chaji kamili. Hakuna aliyemuuliza ni nani amekuwa akiichaji.

Marcelline aliingia nayo bafuni, mahali pekee penye mlango unaofungika. Alikaa ukingoni mwa beseni la kuogea. Nyuma yake tangi la choo lilikuwa likipiga mluzi mwembamba, kama lilivyofanya tangu wahamie nyumba ile. Papa alikuwa ameiacha simu yake kwenye kochi, karibu na mkono wa Arlène. Marcelline akapiga, akasikia ukutani mlio ukianza sebuleni, na akajua kwamba kwenye kioo kule imetokea picha ya Mama akiwa saluni, chanuo mdomoni.

Mlio ulikatika. Upande wa pili kulikuwa na pumzi.

"Arlène? Umekula?"

Ilitoka vizuri mno. Ilikuwa ile ile, yenye mkwaruzo kidogo, iliyokaa karibu na kicheko hata ikigomba. Nje ya mlango kitu kilianguka jikoni, halafu hatua za Papa zikaelekea uani kwa haraka.

"Nimekula," alisema Arlène kwa Kiingereza. "Uko wapi?"

"Niko Lubumbashi, chérie. Vitenge vimechelewa. Sikiliza Mama. Tantine atakufumua nywele leo. Umkubalie. Na meno yako yakae mdomoni mwako."

"Sawa."

Kazi ilikuwa imekwisha. Ilibaki kuaga tu.

"Mama," alisema Arlène, "yale maneno nayasema. Nayasema kila siku, kama Sifa. Mbona hufiki? Nakosea?"

Marcelline alifungua mdomo. Sauti ya Mama ilikuwepo, tayari, kama gauni kwenye hanga. Ila ndani yake hapakuwa na mtu, na gauni peke yake haliwezi kumjibu mtoto. Tangi lilipiga mluzi.

"Mama? Sifa aliyasemaje?"

Akakata simu.

Tantine alikuwa amesimama kwenye ukumbi mwembamba, mikono kiunoni, uso umejaa matumaini. "Amekubali?"

"Mtandao umekatika," alisema Marcelline, akampita.

Sasa ni lazima Sifa aelezwe, kwa maana katika nyumba ile alikuwa mtu wa karibu kuliko majirani wengi. Sifa alikuwa msichana wa katuni ya Kijapani, mwenye macho makubwa kama sahani na sketi isiyofaa kanisani. Filamu yake ilifika saluni kwa Mama, mkabala na ile robot, taa ya barabarani isiyokaa kijani, ndani ya flashi ya mteja mmoja, katikati ya nyimbo za injili. Ilikuwa ya Kijapani mwanzo mwisho, bila maandishi chini. Jina halisi la msichana halikujulikana na hakuna aliyelitafuta. Arlène, ambaye alishinda saluni baada ya shule, aliipenda papo hapo na akataka kujua wanasema nini.

"Hawa? Si wanasema waziwazi," alijibu Mama, mikono imo kichwani mwa mteja. Tangu siku ile yeye ndiye aliyekuwa sauti ya kila mtu.

Msichana akawa Sifa. Kioo chake cha mkononi, ambacho akikiinua anazungukwa na mwanga na kubadilika, kikawa kioo cha saluni. Maneno ya uchawi, ambayo kwa Kijapani yalichukua muda mrefu na muziki mwingi, kwa Mama yakawa: "Nywele simama, kucha waka, anayenidai aje!" Nywele zilipogeuka kuwa za waridi, Mama alitaja rasta ni ya aina gani na kwamba hiyo haifumuki mapema. Adui, mrefu, mwenye joho la ukungu, alikuwa Mwenye Nyumba. Na yule mnyama mweupe mwenye masikio, anayekaa begani kwa Sifa akitoa ushauri bila kuinua hata kijiko, Mama alimwita Pasta. Wateja walilia kwa kicheko. Wengine walikuja kusukwa wakiwa na nywele nzuri tu, ili wasikie Pasta ameshauri nini wiki hii.

Katikati ya filamu kulikuwa na daraja. Mama yake Sifa anasimama pale, anaushika mkono wa mwanawe, halafu kunatokea mambo. Hapo Mama alisema kila mara, bila kupunguza mwendo wa vidole: "Mama yake amepanda basi, amekwenda Lubumbashi kuleta vitenge. Atarudi." Na mwishoni, Sifa anapomshinda Mwenye Nyumba, anasema maneno yake, na kutoka juu kunashuka maua mengi na gauni jeupe, Mama alisema: "Huyo! Karudi. Si nilikwambia? Na gauni kaleta."

Marcelline aliketi kwenye kochi. Arlène alikuwa ameishika simu ya Papa kwa mikono miwili, hailii, picha imezimika. Kwenye runinga Sifa alikuwa akikimbia kwenda shule na mkate mdomoni. Hita ya gesi ilikuwa imewashwa, ila baridi ya Julai ilikuwa imeshaingia na kujitafutia kiti.

"Fanya sauti," alisema Arlène.

"Sauti za nani?"

"Za wote. Hakuna anayezifanya."

Basi Marcelline akazifanya. Hakuona sababu ya kukataa, wala ya kukubali. Alimfanya Sifa, alimfanya mwalimu wake, alimfanya Pasta.

"Bwana asifiwe, Sifa," alisema Pasta kutoka begani. "Nimeona maono. Katika maono hayo unapigana na Mwenye Nyumba peke yako, na mimi nimekaa kivulini nakuombea."

"Pasta, jana pia ulikaa kivulini."

"Jana ilikuwa mafungo, dada."

Arlène alitoa hewa puani, ambayo kwa siku hizo ilihesabika kuwa kicheko. Sifa akainua kioo. "Nywele simama," alisema Marcelline, na pembeni yake mdomo mdogo ukachezacheza pamoja naye, kwa Kiswahili, bila sauti: kucha waka, anayenidai aje.

Ukungu ukajaa mji. Mwenye Nyumba akagonga milango. Likaja daraja.

Marcelline aliujua mstari wake. Alikuwa ameusikia mara nyingi hata ulitaka kutoka wenyewe, basi na Lubumbashi na vitenge. Alifungua mdomo, na ili apate pa kuanzia akatazama picha. Aliona kwamba hajawahi kuitazama. Mara zote alikuwa akimsikiliza Mama.

Mwanamke pale darajani alikuwa amechoka. Alimvisha mtoto skafu yake mwenyewe, akaifunga vizuri shingoni. Vidole vyake vikaanza kulegea, kimoja, kingine, halafu mkono ukageuka kuwa maua meupe, na bega, na uso, na upepo ukayachukua. Sifa alibaki ameshika hewa. Mdomo wake ulikuwa wazi kabisa na filamu haikuweka sauti yoyote. Mtu yeyote mwenye macho, Japani au popote, angejua hiki ni nini. Ni katika nyumba hii tu ndimo mlimokuwa na basi.

Arlène alikuwa akimngoja. Midomo ilikuwa tayari kwa neno "basi".

"Hapa," alisema Marcelline, "mama yake Sifa amekufa."

Aliisema kwa sauti yake mwenyewe, ambayo alikuwa hajaitumia siku nyingi, na ilitoka imepauka kidogo.

Filamu iliendelea. Pasta aliruka huku na huko.

"Siyo basi?" aliuliza Arlène.

"Siyo basi."

"Na vitenge?"

"Hakuna vitenge."

"Mama alidanganya."

"Hakutaka ulie mbele ya wateja."

Arlène alifikiri juu ya hilo. Alikuwa akivutavuta uzi mmoja wa kochi. "Na Mama wetu?"

"Vilevile," alisema Marcelline. Lakini neno hilo lilikuwa na pembe nyingi za kujificha, na katika nyumba hii watu walikuwa wamejificha vya kutosha. Akaliacha, akasema lote. "Mama amekufa, Arlène. Mwezi wa tano, hospitalini. Papa amemzika Lubumbashi. Hata ukisema yale maneno vizuri kiasi gani, harudi. Hukukosea kitu."

Hapo ndipo alipomwona Tantine mlangoni, na nyuma yake Papa, macho mekundu, majani makavu ya uani kwenye soli za viatu. Tantine alikuwa ameinua mkono kama mtu anayesimamisha teksi. Ulibaki hapo juu, halafu ukashuka.

Arlène hakulia. Alikaa akiitazama runinga, mto uliopasuka juu ya shingo nyembamba.

"Nilijua si yeye, kwenye simu," alisema.

"Ulijuaje?"

"Tangi la choo lilipiga mluzi. Lubumbashi hakuna tangi letu."

Kwa mtu aliyewahi kudanganya shule nzima, huu ulikuwa ushinde wa kihistoria. Marcelline aliupokea akiwa amekaa. "Mbona uliendelea kuongea?"

"Ulikuwa unafanya vizuri," alisema Arlène.

Papa aligeuka akaegemea ukuta wa ukumbi. Tantine alimshika mkono, akamwondoa pale polepole.

Filamu ilifika mwisho wake. Mwenye Nyumba alipasuka kama puto. Sifa alisimama peke yake, akainua kioo, midomo yake ya Kijapani ikatamka mambo marefu, na maua yakaanza kushuka.

"Sasa hapo ni nini?" aliuliza Arlène.

"Sijui. Nadhani ni maua tu."

"Na gauni? Nani kaleta?"

Lilikuwa gauni zuri. Lilishuka lenyewe, limekunjwa, likatua mikononi mwa msichana kwa kipimo chake kabisa.

"Labda hakuna aliyelileta," alisema Marcelline. "Labda mama yake aliliacha limeshashonwa."

Arlène aliteremka kutoka kwenye kochi. Marcelline alifikiri anakwenda kwa Papa, lakini mtoto aliketi sakafuni, akajisukuma kinyumenyume mpaka mgongo wake ukakaa katikati ya magoti ya dada yake, namna wateja wa Mama walivyokaa. Akavua kitambaa. Akainamisha kichwa.

"Yaya," alisema, yaani dada mkubwa, na hili alilisema kwa Kiswahili, kama mteja anayejua haki zake, "usivute."

Chanuo lenye mkia lilikuwa kwenye kikapu chini ya meza, pale pale Mama alipoliacha. Marcelline alilichukua, akatafuta msuko wa pembeni, wa nyuma ya sikio, ambako Mama alipenda kuanzia. Ncha ilikuwa imefungwa fundo dogo sana. Ilibidi alifungue kwa kucha. Msuko ulipoachia ulitoa harufu ya mafuta ya nazi na ya saluni, na Marcelline alitulia kidogo, kwa adabu, akikingoja kile kitu kilichokuwa kinapaswa kuja. Alisubiri kama mtu wa kituoni. Hakikuja. Akaendelea na msuko wa pili.

Arlène alizipokea rasta moja moja, akazinyoosha juu ya paja lake, zikalala sambamba.

"Rudisha," alisema. "Pale darajani."

"Uone tena?"

"Useme tena."

Marcelline akachukua rimoti, akarudisha. Mwanamke akamfunga mwanawe skafu. Vidole vikalegea. Akasema, "Hapa mama yake Sifa amekufa," na Arlène akatikisa kichwa kidogo kukubali, msuko mmoja ukachomoka mkononi mwa dada yake.

"Tena."

Akarudisha tena, akasema tena, mkono mmoja kwenye rimoti na mwingine kichwani. Nje gari la mtu lilipiga honi kwa sababu zake. Tantine alikuwa ameweka maji ya kuoshea nywele jikoni, birika lilianza kuvuma.

"Tena."

Mara hii alipofika kwenye neno lile Marcelline aligundua kwamba alikuwa ameling'ata shavu lake kwa ndani, labda tangu bafuni, na kwamba lilikuwa linauma.

"Yaya. Unavuta."

"Samahani," alisema, akalegeza mkono.